Sinia moja, watu watano

Leo Wete, Pemba, mahojiano yetu ya utafiti wa lishe, yale ya "jana ulikula nini?", yamekwama kwenye sinia.

Fomu ya mlo wa saa 24 zilizopita inataka gramu za mtu mmoja. Wali wa nazi umepakuliwa sinia moja, watu watano wamelizunguka, mmoja ana haraka, mwingine anamlisha mtoto. Ukigawa kwa tano umeharibu: mtoto anaandikiwa wali wa baba yake.

Bi mkubwa kaniangalia weee, kisha: "Mwanangu, matonge nayo yahesabiwa?"

Yahesabiwa, bibi. Unakwenda na wali uliopikwa na mizani ya jikoni. Kila mtu anafinyanga tonge lake mwenyewe, unalipima, ndipo unauliza yalikuwa mangapi. Usitumie tonge lako kama kipimo, mikono haifanani.

Tui ndio balaa. Akisema "nazi mbili", uliza: kasimele (tui zito la kwanza) peke yake, au na tui la pili? Gramu moja ya mafuta ni kilokalori 9, ya wanga 4, kwa hiyo gramu kwa gramu, ukikosea mafuta ya tui umekosea zaidi kuliko ukikosea wanga wa wali.

Chai haitajwi mpaka uulize. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni kama gramu 4, na sijaona anayesawazisha.

Ndiyo maana takwimu za "watu wanakula kidogo lakini wananenepa" nazisoma kwa shaka.

Kwenu sinia mnakula wangapi? Na nani mwenye tonge kubwa? Mtajeni tu 😄