Kreti za soda zinavyoweza kudanganya fahirisi ya viwanda

Fahirisi ya uzalishaji viwandani, ile namba inayoonyesha uzalishaji umepanda au kushuka kiasi gani na inayotolewa kila robo mwaka na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ya Tanzania, haipimi fedha. Kiwanda cha Chang'ombe kikipandisha bei ya ndoo za plastiki kwa asilimia 20 bila kuongeza hata ndoo moja, mauzo yatanona lakini fahirisi haitasogea. Kinachopimwa ni wingi: tani, lita, jozi, kilowati-saa. Na wigo wake ni migodi, viwanda vya utengenezaji, umeme na gesi, maji na taka. Ujenzi haumo. Ghorofa linaloota Kariakoo halihesabiwi. Nondo, mabati na saruji yake ndivyo vinavyohesabiwa, huko vilikotengenezwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme nchi ina bidhaa tatu tu. Saruji ina uzito wa 50, sabuni 30, mabati 20. Uzito hautokani na tani, unatokana na thamani ambayo kila shughuli iliongeza katika mwaka wa kizio, yaani mwaka uliochaguliwa kuwa msingi wa kulinganishia. Ukilinganisha na wastani wa robo moja ya mwaka wa kizio, unaohesabiwa kuwa 100, saruji imetoka tani 60,000 hadi 66,000, yaani 110. Sabuni imeshuka kutoka 2,000 hadi 1,900, yaani 95. Mabati yametoka 5,000 hadi 5,200, yaani 104. Zidisha kila moja kwa uzito wake, jumlisha, gawanya kwa 100: unapata 104.3.

Tatizo halimo kwenye kanuni, limo kwenye dodoso, ile fomu ya maswali ambayo kiwanda hujaza. Chukua kreti ya soda ya chupa 24. Chupa zikiwa za mililita 350, kreti ni lita 8.4, zikiwa za mililita 300, ni lita 7.2. Kiwanda kikibadili chupa na kuendelea kujaza safu ya "kreti", ongezeko la kreti la asilimia 5 litaonekana zuri kabisa, kumbe lita zimepungua kwa asilimia 10. Ndiyo maana kipimo kinapaswa kuandikwa kwenye dodoso kabla halijatoka ofisini, na namba inayorudi ilinganishwe na ya robo iliyopita na ya mwaka jana kabla ya kuingizwa kokote.

Kosa jingine sugu: mhasibu anajaza mauzo mahali pa uzalishaji, kwa kuwa mauzo ndiyo anayo mezani. Bado yanaokoleka. Chukua mauzo, ongeza akiba ya ghalani ya mwisho wa robo, toa akiba ya mwanzo. Tani 900 zilizouzwa, akiba ikitoka 200 hadi 350, maana yake zimezalishwa 1,050. Kwenye saruji kuna mtego wa klinka, yale madonge ya tanuruni yanayosagwa kuwa saruji: kiwanda kikiisaga chenyewe, ukihesabu klinka na saruji umehesabu mzigo uleule mara mbili. Hesabu klinka iliyouzwa nje ya kiwanda tu.

Kiwanda kisichojibu si sifuri. Ukiweka sifuri, tawi zima la uzalishaji linaporomoka, kisha robo inayofuata "linafufuka", na magazeti yanapata kichwa cha habari cha bure. Kadiria kwa mwenendo wa viwanda vinavyofanana nacho, halafu piga simu. Kama kweli kimefungwa, hapo sifuri ni halali.

Mafundi samani wa Keko ni habari nyingine. Tafiti za namna hii huegemea viwanda vikubwa, na karakana ya fundi na vijana wake wawili ni nadra kufikiwa. Hata ukiifikia, makabati hayafanani, huwezi kuyajumlisha kwa idadi. Njia ya kawaida ni kuchukua thamani ya mauzo na kuigawanya kwa fahirisi ya bei za wazalishaji, ili kuondoa mabadiliko ya bei na kubaki na wingi, na hapo ubora wa jibu unategemea ubora wa bei ulizokusanya.

Ukisoma matokeo, angalia yamelinganishwa na nini. Viwanda vya sukari husimama msimu wa masika, miwa haitoki shambani. Kwa hiyo kulinganisha robo ya pili na ya kwanza hakukwambii kitu mpaka msimu uondolewe kitakwimu. Linganisha na robo ileile ya mwaka jana. Hata hapo Ramadhani inaponyoka, maana kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11, na sikukuu ya Idi inaweza kuhamia robo nyingine. Na fahirisi ikitoka 120 hadi 126 imepanda pointi 6, ambazo ni asilimia 5. Si asilimia 6.