Siku moja maishani mwangu: muuza leso mwenye sauti ya kuhesabu

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya neno lolote, kidonge: piridostigmini, miligramu 60, ya ugonjwa wangu wa misuli kulegea. Huchukua nusu saa hivi kushika kazi, kwa hiyo staftahi yangoja. Mahamri nayaloweka kwenye mbaazi za nazi hadi yalegee, namega padogo, nainamisha kidevu, ndipo nameza. Chai nikiinywa kwa pupa hutokea puani.

Saa moja na nusu, ferini Likoni, Mombasa. Msongamano na kelele. Salamu naitikia kwa mkono.

Saa tatu, Biashara Street. Asubuhi ndiyo soko langu. Mteja wa leso, yaani kanga, ataka kusomewa jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake, aambiwe kama lamfaa mkwe au lamfaa jirani mwenye maneno. Nasoma, nacheka, twapatana bei, na hakuna ajuaye kitu.

Saa sita. Joto limekaza, kope la kushoto laanza kushuka. Ugonjwa wenyewe ni miasthenia: kinga ya mwili hushambulia vipokezi pale neva inapokutana na msuli, basi amri yatoka lakini msuli hauipati sawasawa. Ukiutumia hulegea, ukipumzika hurudi. Jina la leso naanza kulisoma vizuri, nikifika mwisho nasema kwa puani kama mwenye mafua. Hapo namtandazia mteja asome mwenyewe.

Kiniudhicho zaidi ni tabasamu. Pembe za midomo hazipandi, nikicheka huonekana nakenua. "Mbona wanikunjia uso, mwanangu?" bibi mmoja aniuliza. Msaidizi wangu amjibu kabla sijajaribu. Wengine husema ni kiharusi. Kiharusi gani hiki, kiendacho na kurudi mchana kutwa?

Saa saba, kidonge tena, halafu wali wa bokoboko na mchuzi wa samaki, kisha usingizi kidogo nyuma ya marobota.

Saa kumi napitia duka la dawa, mkojo wanichoma. Kijana atoa siprofloksasini, antibiotiki. Namwonyesha kadi yangu: dawa hiyo, na gentamisini pia, zaweza kuzidisha ulegevu hadi pumzi ikabana. Airudisha rafuni, ampigia daktari wangu.

Saa mbili usiku sauti imekwisha. Mimi na mume wangu twaandikiana kwenye simu, na tumekaa kochi moja. Mate yakinishinda kumeza, au pumzi ikinikatika nikilala chali, hatungoji asubuhi wala kidonge kingine, ni hospitali moja kwa moja. Namba ya mwenye teksi imebandikwa mlangoni. Leo mate yapita. Mwenzangu aniandikia aya nzima kuhusu bei ya unga, nami namjibu kwa kidole gumba.