Mwalimu mmoja, foleni ndefu

Jana nilikuwa kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yangu, huku Eastlands, Nairobi. Yuko Kidato cha Tatu. Tangu baba yake afariki amekuwa kimya mno, nikaomba kumwona mwalimu wa ushauri nasaha. Nikamkuta na rundo la madaftari: anafundisha Kiswahili madarasa manne, na wenye shida humwona saa ya chakula tu. Hata hivyo alimjua mwanangu kwa jina, na hata dawati analokalia. Nililia palepale.

Walimu kadhaa wa shule hiyo wameajiriwa na bodi ya shule, si TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na mshahara wao tunauchanga sisi wazazi. TSC, tuleteeni mshauri asiye na vipindi vya kufundisha, tafadhali!

Binti yangu amepangiwa Alhamisi, saa saba.