Visiki vya Mtera: picha moja, asubuhi tatu

Miaka yote nimepita Mtera nikiwa ndani ya basi la Dodoma–Iringa, pua kwenye kioo, nikitazama ile miti mikavu iliyosimama majini na kujiambia siku moja nitashuka. Novemba iliyopita nikashuka kweli, na begi lenye kamera ya mtumba, lenzi moja ya milimita 50 na tripodi niliyoifunga kwa mpira wa baiskeli.

Novemba niliichagua makusudi. Bwawa la Mtera lilijengwa miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu huko chini. Kituo cha Mtera chenyewe, cha megawati 80, kilifuata mwaka 1988. Likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mitambo haipaswi kuyashusha chini ya mita 690. Ardhi ya pale ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu, ufukwe unarudi nyuma mbali sana. Kabla mvua hazijaanza unatembea kwa miguu mahali ambapo miezi michache nyuma mtu alikuwa akitega nyavu.

Nilianzia ofisi ya kijiji kujitambulisha. Wakaniambia nipige visiki nitakavyo, ila kamera nisiielekeze kwenye ukuta wa bwawa wala kwenye mitambo. Sawa.

Asubuhi ya kwanza nilipiga picha zaidi ya mia. Usiku nikazifungua gesti: fujo tupu. Macho yangu yalikuwa yameona msitu wa mizimu, kamera ikaona kuni zilizomwagwa. Kila kisiki kilikuwa kimegandana na cha nyuma yake, na vyote vimegandana na vilima vya ng'ambo. Na lile tope jeupe lililopasuka, ambalo ndilo lililonivutia, lilitoka rangi ya saruji mbichi.

Asubuhi ya pili nikaamua kusogea karibu zaidi, nikazama. Gamba la juu lilikuwa kavu, linalia kama vigae, lakini chini yake tope lilikuwa bado bichi. Mguu wa kulia uliingia hadi gotini, ndala ikabaki huko huko hadi leo. Kamera niliinyanyua juu kama mtoto anayebatizwa. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu zake pembeni, akacheka kwanza ndipo akaja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fuata kwato."

Ndivyo alivyonifundisha kutembea: pale ng'ombe walipopita wakaacha alama za kina kifupi, tope linabeba mtu. Akanikataza pia kuufuata ukingo wa maji kabla hakujapambazuka vizuri, kwa kuwa viboko huwa bado wako nchi kavu.

Siku ya tatu nikachagua kisiki kimoja tu, kirefu kuliko mimi, chenye panda juu. Nilikizunguka labda nusu saa bila kupiga. Kiunoni kilikuwa chembamba, kimeliwa, maana sehemu inayolowa na kukauka kila mwaka ndiyo huoza upesi kuliko ile inayokaa ndani ya maji muda wote. Kipande cha nyavu ya bluu kilinasa kwenye ufa, na ndani yake makombe ya konokono. Pale kwenye panda palikuwa na mfereji laini, umezunguka tawi kama pete. Nikadhani ni mawimbi.

Kilichookoa picha ni tumbo langu. Nililala chini kifudifudi, kamera karibu iguse tope, na ghafla kisiki kikapanda juu ya vilima, kikasimama peke yake angani. Hatua moja kushoto, visiki viwili vya nyuma vikaachana. Kwa weupe wa tope nikaongeza mwanga kuliko kamera ilivyotaka, maana kamera ikiona kitu cheupe kimejaa fremu hudhani mwanga umezidi na kukigeuza kijivu. Hadi saa mbili kasoro vivuli vilikuwa virefu, kila ufa wa tope una kingo. Saa tatu upepo ukaleta vumbi, joto likaanza kutikisa hewa, nikafunga begi.

Nikampelekea mzee kamera aangalie. Akaikuza picha kwa kidole chenye magamba ya perege, akakomea kwenye ile panda.

"Hii pete ni kamba yangu," akasema. "Mwezi wa tano mtumbwi naufunga hapo."

Akanirudishia kamera, akaendelea kushona.