Sanamu ya Uhuru pale Kampala, anza kuiangalia miguuni

Ukipita Speke Road karibu na Sheraton utaiona tu, mita 6 hivi kwenda juu. Wengi wanashuka kwenye boda wanapiga selfi mbili tatu wanaondoka, na hiyo inaniuma kwa kweli, maana ile sanamu si ya kuangalia dakika moja.

Anza miguuni. Huyo mtu mzima kafungwafungwa, kazungushiwa yale mafungo kama maiti iliyokafiniwa, yani hata hatua moja hawezi kupiga. Sasa pandisha macho taratibu mpaka kwenye mikono, kamnyanyua mtoto juu kabisa na huyo mtoto mikono yake yote miwili iko hewani, anashangilia. Mtoto ndo Uganda iliyozaliwa tarehe 9 Oktoba 1962. Lakini aliyemnyanyua bado hajafunguliwa! Mimi hapo huwa nawaona babu na bibi zetu, maana Uganda ilikuwa chini ya Mwingereza tangu 1894, hao wazee walizaliwa mkoloni yupo na wakalea watoto mkoloni yupo, na bado walikuwa na nguvu ya kumwinua mtu mwingine.

Na aliyeichonga alikuwa Mkenya jamani, Gregory Maloba, kazaliwa 1922, akaja Makerere kusoma sanaa kwa mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, aliyeanzisha ile shule ya sanaa, baadaye na yeye Maloba akafundisha hapohapo. Serikali ya mkoloni ndo iliyoagiza kazi yenyewe kabla haijafunga virago, na yeye akawawekea hizo kamba palepale mbele ya macho yao. Ujasiri huo naupenda sana kuliko hata ukubwa wa sanamu.

Kama uko mbali, Gulu, Mbale, popote, toa noti mfukoni, zile zilizotoka 2010, iwe ya elfu moja au ya elfu hamsini, sanamu imo. Ni ndogo lakini ule mkao wa mtoto juu ya kichwa unaonekana vizuri tu.

Ombi langu ni kwa walimu. Mkileta watoto pale mwezi wa kumi muwatajie jina la Maloba kwanza, waikague ile miguu kwa raha zao, ndo muwapange mstari wa picha.