Nyota tano hazitibu mshono
Mdogo wangu amejifungua kwa upasuaji hapa Kigoma, tukarudi naye nyumbani Ujiji. Akapakua programu ya afya ya kufuatilia kidonda. Ilikuwa na rangi nzuri na kengele ya kumkumbusha dawa. Ile kengele ilimsaidia sana, sikatai.

Ila nilipoisoma vizuri niliingiwa na hofu. Hakuna jina la daktari wala hospitali, na haisemi maelezo yake yametoka wapi. Akajaza kwamba mshono unauma na umevimba, ikamjibu apumzike na anywe maji mengi. Basi! Haikuuliza kama ana homa, wala kama kuna usaha. Siku hiyo hiyo tukampeleka kliniki, nesi akaona maambukizi yameanza, akapata dawa mapema. Alhamdulillah.

Mwaka 2015 watafiti wa Australia walitoa kipimo cha programu za afya kiitwacho MARS, chenye vipengele 23. Kinaangalia mvuto, utendaji na mwonekano, lakini pia ubora wa taarifa zenyewe. Nyota tunazoziona wakati wa kupakua hazipimi hilo. Mtu anatoa tano kwa sababu tu programu haigandi.

Maambukizi ya kidonda cha upasuaji yanaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baadaye. Jamani, mshono ukiwa mwekundu, wa moto, ukitoa usaha au homa ikipanda, nenda kituo cha afya. Na kabla hamjaruhusiwa wodini, ombeni namba ya kupiga mkiwa na shida.