Igizo linaloharibika kila usiku, na lilianzia juu ya baa

Kuna jamaa watatu Uingereza, Henry Lewis, Jonathan Sayer na Henry Shields, wanaishi mjini kwa igizo walilolitunga liharibike kila siku, na watu wanapanga foleni kulipia. Igizo linaitwa The Play That Goes Wrong. Kama hulijui, ni hivi: kikundi cha maigizo cha chuo fulani cha kutungwa tu, Cornley, kinaleta stejini hadithi ya mauaji ya miaka ya 1920, bwana mwenye nyumba, Haversham, kakutwa amekufa usiku wa sherehe ya uchumba wake, inspekta kaja kuchunguza, kila mtu ndani anashukiwa, yani ule upelelezi wa Kiingereza wa pazia zito na vikombe vya chai. Sasa tatizo hakuna kinachokwenda sawa. Mlango unagoma kufunguka, maiti inakanyagwa mkono inashtuka, machela inachanika ikabidi marehemu ajitambaze mwenyewe kutoka, dada mhusika mkuu anapigwa na mlango anazimia, na fundi wa jukwaa anasukumwa kuchukua nafasi yake akiwa na skripti mkononi. Halafu anaonja kupigiwa makofi na watazamaji, na yule wa kwanza akizinduka unafikiri anakubali kuachia?

Ila mimi kinachonivutia zaidi ni safari yake. Lewis, Sayer na Shields walitoka chuo cha uigizaji cha LAMDA, na kundi lao la Mischief lilianza mwaka 2008 likifanya zaidi vichekesho vya papo kwa papo, vile visivyo na skripti. Walikuwa hawana hela, mchana vibarua, usiku wanaandika. Mwezi Desemba 2012 wakaonyesha kitu cha kama saa moja pale Old Red Lion, kijiukumbi cha juu ya baa eneo la Islington, na kwa sababu ilikuwa msimu wa sikukuu waliliita The Murder Before Christmas. Wenyewe husimulia kwamba mwanzoni kabisa waliolipa kiingilio walikuwa wanne. Wanne! Hapo wengi tungekunja jamvi.

Wao wakaenda mbele. 2013 wakapata ukumbi wa Trafalgar Studios katikati ya London, kisha tamasha la Edinburgh, na prodyuza Kenny Wax akaona biashara, ikaja safari ya kuzunguka Uingereza 2014. Na hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu, maana kichekesho cha saa moja juu ya baa huwezi kukipeleka kwenye ukumbi mkubwa hivi hivi, mtu kalipa tiketi ya maana anataka usiku mzima. Ikabidi waongeze sehemu ya pili, na ukiongeza sehemu ya pili kwenye igizo la kuharibika lazima uwe na kitu kikubwa zaidi cha kuharibika, huwezi kuangusha picha ukutani mara ya kumi watu wakacheka vile vile. Mbunifu wa jukwaa Nigel Hook akajenga nyumba yenye chumba cha juu, na chumba hicho kinakatika kinainama na watu na samani zake ndani, hadi mwisho nyumba nzima inakuwa haitamaniki.

Watu wanadhani kuanguka ni kuanguka tu. Aa wapi! Seti inabomoka leo, kesho inasimama tena ibomoke pale pale, na mwigizaji awe amesimama pale pale, akikosea hatua moja anaumia kweli. Mwongozaji Mark Bell aliwabana kwenye jambo jingine ambalo kwangu ndilo lililolibeba igizo: wale wahusika hawajui kama wanachekesha. Wanapambana kwa moyo wote kumaliza hadithi yao ya mauaji, kwa heshima, huku ukuta unawafuata. Vichekesho vyetu vingi vinaniudhi hapo, mchekeshaji anacheka kabla yangu.

Septemba 2014 wakaingia Duchess Theatre, West End, eneo la kumbi kubwa za maigizo London, na 2015 wakabeba tuzo ya Olivier, ile kubwa ya maigizo Uingereza, ya kichekesho kipya bora. J.J. Abrams, yule wa filamu kubwa kubwa, aliliona London akapenda akawa mmoja wa waliolipeleka New York, likafunguliwa ukumbi wa Lyceum pale Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo New York, tarehe 2 Aprili 2017 na wale wale waigizaji wa mwanzo. Hook akapata tuzo ya Tony, ile kubwa ya maigizo ya Broadway, kwa ile seti, yani mtu kapewa tuzo kwa nyumba inayobomoka. Januari 2019 wakatoka Broadway, na badala ya kufungasha wakahamia New World Stages, ukumbi mdogo hapo hapo mjini, uamuzi ambao naona ulikuwa wa akili sana. Wafaransa nao wanalo la kwao, Les Faux British, lililopata tuzo ya Molière, ile ya maigizo ya Ufaransa, 2016.

Nani alimuua bwana Haversham sisemi, ingawa nusu ya ukumbi wanatoka hata hawajashika hilo. Ila ukijaaliwa kwenda fika mapema, kwa sababu mafundi wanaanza kuhangaika na seti kabla igizo halijaanza, na ukikaa viti vya mbele wanaweza kukuita ukawashikilie rafu.